Vituo vya ushauri nasaha visiachwe kufa kimyakimya

Kiwanda cha sukari kinapoyumba nchini Kenya, mbiu hupigwa. Wabunge husimama Bungeni, viongozi wa wakulima huitisha mikutano, na haipiti muda mrefu kabla serikali haijatangaza kwamba itafuta madeni au itatoa fedha za kukinusuru. Benki inapotikisika, Benki Kuu huingilia kati. Lakini ofisi ya mshauri nasaha, ile ya vyumba viwili iliyo ghorofani juu ya duka la dawa katika mji kama Nakuru, Thika au Kisii, inapofungwa, hakuna anayepiga yowe. Kibao hung'olewa ukutani, viti vikauzwa, na mwezi unaofuata chumba kikawa cha kinyozi au cha wakala wa fedha. Wateja wa kituo hicho hawawezi kuandamana. Wengi wao hawajawaambia hata wenzi wao wa ndoa kwamba walikuwa wakienda pale.

Madhumuni ya makala haya ni kutazama sababu za vituo hivi vidogo kujikuta katika dhiki, na kupima ni msaada wa aina gani unaoweza kuvivusha. Nasema msaada kwa uangalifu, kwa kuwa neno hilo katika nchi yetu limezoea kumaanisha hundi kutoka Hazina ya Kitaifa, na hundi hiyo sidhani itakuja. Wala sina hakika kwamba ingekuja ingetatua jambo.

Kwa miaka mingi matatizo ya akili nchini yalikuwa na anwani moja: Mathari. Hospitali hiyo, ambayo mizizi yake ni ya 1910, iligeuka kuwa tusi kabla haijawa tiba. Mtoto aliyemkera mwenzake shuleni aliambiwa apelekwe huko. Mtu mwenye uchungu wa moyo usiokuwa wazimu alimwendea padri, shehe, shangazi au mzee wa ukoo, na aghalabu hakumwendea mtu. Kituo cha ushauri cha Amani kilipoanzishwa Nairobi mnamo 1979, kilikuwa kitu kigeni kiasi cha kuwashangaza wengi: watu wanalipia maongezi?

Mambo mawili yaliyatia maneno "ushauri nasaha" katika vinywa vya wananchi. La kwanza ni Ukimwi, uliotangazwa kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Vituo vya kupima virusi kwa hiari vilipoenea katika miaka iliyofuata, kila aliyepimwa aliketi kwanza na mshauri. La pili ni bomu la Agosti 7, 1998, lililoua watu 213 jijini Nairobi na kujeruhi maelfu. Hapo ndipo taifa lilipotambua kwamba mtu anaweza kutoka hospitalini akiwa na viungo vyote na bado asiweze kupanda ghorofa au kuvumilia mlio wa mlango unaobamizwa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, shambulio la Westgate mnamo 2013 na mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2, 2015 yalirudia somo hilohilo. Kila mara washauri waliitwa kwa haraka. Kila mara walishukuruwa, kisha wakasahauliwa hadi msiba mwingine.

Vyuo vikuu na taasisi navyo vikaanza kutoa wahitimu wa saikolojia na ushauri kwa wingi. Serikali haikuwa na nafasi za kuwaajiri wote. Baadhi walichukuliwa na mashirika yaliyofadhiliwa kutoka ng'ambo, wengine na shule na makanisa. Waliosalia waliungana wawili wawili au watatu watatu, wakakodi vyumba, wakamwajiri karani wa mapokezi, wakaanza. Ndivyo kilivyozaliwa kituo kidogo cha binafsi. Hakikubuniwa na sera yoyote, na pengine ndiyo sababu hakuna sera inayokikumbuka.

Sasa tuitazame dhiki yenyewe. Haikuja kwa pigo moja. Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Katika majuma machache kafyu iliwekwa, na Nairobi na viunga vyake vikafungiwa watu wasitoke wala kuingia hadi Julai. Vituo vilivyotegemea mteja aketi mbele ya mshauri katika chumba kidogo kisicho na dirisha kubwa vilipoteza wateja kwa siku moja. Vilivyonusurika vilihamia kwenye simu. Mwezi huohuo wa Julai 2020, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilikabidhi ripoti yake na kupendekeza kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ripoti ilisomwa, ikasifiwa. Kodi ya pango ya washauri iliendelea kudaiwa.

Baada ya janga ikaja gharama ya maisha. Familia inapobana matumizi, haianzi na unga wala karo. Huanza na vile visivyoonekana. Kikao cha ushauri hakionekani. Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, huku hazina hiyo ikiacha nyuma madeni ya mabilioni ya shilingi kwa hospitali. Kila mwajiriwa akaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, juu ya makato mengine aliyokwisha kuyazoea kwa shingo upande. Zile shilingi elfu mbili tatu ambazo mwalimu au karani angeweza kuzitenga kwa mwezi ili kumwona mshauri zikawa zimekwisha kutengwa na mtu mwingine.

Kisha Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani akatia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya kigeni kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Athari zake kwa wagonjwa wa Ukimwi zimejadiliwa sana, na ni haki zijadiliwe. Lililojadiliwa kidogo ni kwamba washauri waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walirudi sokoni kwa pamoja. Mtu mwenye shahada na watoto hawezi kuketi nyumbani. Atakodi chumba, atatoza nusu ya bei ya jirani yake, na kwa miezi michache wote wawili watakuwa na njaa.

Ili msomaji aelewe jinsi kituo kinavyozama, na tufanye hesabu ya kubuni, ya mfano tu. Tuseme washauri wawili wana kituo mjini. Kila mmoja ana vikao 15 kwa juma. Msomaji asishangae kwamba ni vichache: kazi hii haifanani na ya kinyozi. Mshauri aliyesikiliza habari ya ubakaji saa tatu asubuhi, habari ya mtoto aliyefariki saa tano, na ya ndoa inayovunjika saa nane, akiongezewa wateja wengine watatu siku hiyo hatakuwa anasikiliza tena, atakuwa anaitikia kwa kichwa tu. Basi vikao 30 kwa juma ni vikao 120 kwa mwezi. Kwa shilingi 2,500 kila kimoja, ni shilingi 300,000. Tuondoe sehemu ya tano kwa ajili ya wateja wasiotokea na wale wanaopunguziwa bei. Zabaki 240,000.

Matumizi je? Pango 45,000, karani wa mapokezi 25,000, umeme, maji, simu na intaneti 12,000, na 18,000 za leseni, mafunzo na malipo ya mshauri mwandamizi anayewasimamia. Jumla ni 100,000. Washauri wanagawana 140,000, yaani 70,000 kila mmoja kabla ya kodi. Si utajiri, lakini ni maisha.

Sasa wateja wapungue kwa thuluthi moja. Mapato yanashuka hadi 160,000, na kila mshauri anabaki na 30,000. Hapo wanakaza mikanda. Lakini tuongeze jambo moja zaidi: nusu ya wateja waliobaki wanalipiwa na kampuni za bima, na kampuni hizo zinalipa baada ya miezi minne. Fedha taslimu zinazoingia mwezi huu ni 80,000. Matumizi ni 100,000. Kwenye vitabu kituo hiki kina faida. Mfukoni hakina nauli ya kwenda kudai.

Hili ndilo ambalo wengi wanaotoa mawaidha kwa vituo hivi hawalioni. Wanasema washauri hawajui biashara, wajitangaze zaidi, wafungue kurasa za mitandao, watafute wateja. Lakini kituo cha mfano wetu hakifi kwa kukosa kazi. Kinakufa kwa kufanya kazi ambayo malipo yake hayajafika. Ukikiongezea wateja kumi wa bima ile ile, unakiongezea madeni kumi ya kudai. Dawa ya ugonjwa huu haiwezi kuwa tangazo.

Hatua ya kwanza ya kukinusuru kituo, kwa hivyo, ni ya kuchosha na haina fahari yoyote: kujua kwa hakika fedha zilizopo zitatosha majuma mangapi. Wenye vituo wengi hawajui. Wanachanganya akaunti ya M-Pesa ya nyumbani na ya kazi, na karo ya mtoto inatoka mahali pamoja na mshahara wa karani. Mtu anayejua kwamba amebakiwa na majuma tisa ana nafasi ya kuzungumza na mwenye jengo, kumwomba alipe kwa awamu au ahamie chumba kidogo zaidi katika jengo lilo hilo. Anayegundua jambo hilo juma la tisa hana la kuzungumza. Wenye majengo si watu wa mioyo ya mawe kama wanavyosimuliwa. Chumba kitupu nacho kina hasara yake. Wasichokipenda ni kushtukizwa.

Pili, uwiano wa bima. Kituo kidogo kinachokubali bima moja ilipe zaidi ya thuluthi ya mapato yake kimejifunga kamba shingoni na kumpa mtu mwingine ncha yake. Ni afadhali kupokea wateja wachache wa kampuni kadhaa, na kumwandikia kila mwajiri barua ya madai kila mwisho wa mwezi bila aibu. Washauri huona aibu kudai fedha. Wamefundishwa kusikiliza, hawakufundishwa kufuatilia ankara. Aidha, kampuni inayomlipa mtaalamu hukata asilimia 5 ya malipo yake na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru. Asiyefuatilia vyeti vya makato hayo na kuvihesabu katika kodi yake ya mwaka anaitoa fedha hiyo sadaka bila kukusudia.

Tatu, gharama za vyumba. Chumba cha ushauri hukaa kitupu saa nyingi kuliko kinavyotumika. Vituo viwili vinavyogombania wateja wilele wa mtaa mmoja vinaweza kabisa kutumia vyumba hivyohivyo kwa zamu, kimoja Jumatatu hadi Jumatano na kingine siku zilizosalia, na kugawana mshahara wa karani. Kinachozuia ni kiburi na hofu ya kuibiana wateja. Hofu hiyo ina msingi, sikatai, lakini mkataba wa kurasa mbili unaweza kuitibu.

Na huyo karani asiwe wa kwanza kufukuzwa, kama inavyotokea mara nyingi. Yeye ndiye anayeinua simu. Mtu aliyejikaza kwa miezi mitatu hadi akapata ujasiri wa kupiga, akikuta simu inalia bila kujibiwa kwa sababu mshauri yumo kikaoni, hapigi mara ya pili. Aliyeamua kuokoa shilingi 25,000 kwa njia hii huenda amejifungia mlango mwenyewe kutoka ndani.

Kuhusu ushauri kwa njia ya simu, uzoefu wa 2020 ulitufunza yote mawili, uzuri na upungufu. Uliwafikia watu wa mbali, ukapunguza nauli, ukamwezesha mama anayenyonyesha kuendelea na tiba. Lakini katika nyumba ya chumba kimoja cha Kayole au Bangladesh kule Mombasa, mke anayepigwa atazungumzia wapi? Mumewe yuko kitandani, watoto wako sakafuni, jirani yuko upande wa pili wa bati. Kwa mtu kama huyo, chumba kidogo juu ya duka la dawa, chenye mlango unaofungika na saa moja ambayo ni yake peke yake, ndiyo nusu ya tiba. Wanaosema kwamba vyumba vimepitwa na wakati na kila kitu kihamie kwenye programu za simu wanazungumza kutoka katika nyumba zenye vyumba vingi.

Kuna njia nyingine ambayo haijatumiwa ipasavyo, nayo ni vikao vya vikundi. Watu wanane waliofiwa, wakiketi pamoja na mshauri mmoja kwa shilingi 600 kila mmoja, humlipa mshauri karibu mara mbili ya kikao cha mtu mmoja, na kila mmoja wao hulipa robo tu ya bei. Si kila tatizo linafaa kundi. Lakini jamii iliyozoea chama, kesha la matanga na mikutano ya akina mama haihitaji kufundishwa kuketi pamoja. La kuepukwa kabisa ni mikopo ya simu ya riba za kukaba. Ikiwa ni lazima kukopa, washauri wajiunge katika chama chao cha akiba na mikopo kama walivyofanya walimu tangu zamani.

Hayo ni ya ndani ya nyumba. Yako ya nje, na hayo yanahitaji sauti kubwa zaidi kuliko ya mshauri mmoja.

Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliweka wazi, katika kifungu cha 46, kwamba kampuni ya bima isitoe hati inayowatenga au kuwabana watu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Msomaji aurudie mwaka huo: 1989. Sheria ya marekebisho ya 2022 ikalikazia tena suala la haki ya bima. Hata hivyo, chukua hati yako ya bima kutoka kabatini uisome herufi ndogo. Aghalabu utakuta ama kikomo kidogo mno cha fedha, ama sharti la kulazwa kwanza, ama orodha ya wataalamu ambayo mshauri wa mtaani kwenu hayumo. Kwamba sheria yenye umri wa zaidi ya miaka 30 ingali inaepwa kwa ujanja wa maneno si kosa la washauri. Ni kazi ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na ingefaa iulizwe hadharani imefanya nini.

Vivyo hivyo, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilipitishwa 2014 ili kuwe na bodi ya kusajili na kutoa leseni. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Wengine huliona jambo hili kama ugomvi wa wasomi juu ya nani aitwe mwanasaikolojia. La hasha. Kampuni ya bima isiyokuwa na daftari la kuaminika la watu waliosajiliwa ina kisingizio tayari cha kukataa kulipa. Mwananchi asiyekuwa na daftari hilo hana njia ya kumtenga mtaalamu na tapeli aliyesoma kozi ya majuma mawili. Na tapeli, kwa kuwa hana gharama za mafunzo wala usimamizi, daima atakuwa rahisi kuliko mwenye ujuzi. Usajili unaochelewa ni ruzuku kwa matapeli.

Mfumo mpya wa bima ya afya ya jamii nao umejengwa juu ya hospitali na zahanati. Ofisi ya washauri wawili, isiyo na kitanda, sindano wala maabara, haifanani na lolote kati ya hayo. Lakini ugonjwa unaotibiwa pale leo kwa vikao vinane ni ule ambao kesho utatibiwa Mathari kwa kulazwa miezi mitatu kwa gharama ya umma. Mhasibu yeyote mwenye kalamu angeweza kuona ni kipi nafuu.

Najua yapo maoni kinyume, na si ya kipuuzi. Watasema: vituo hivi vya binafsi vinahudumia wenye nacho, kwa nini umma uvihurumie? Mbona kule Zimbabwe Dkt Dixon Chibanda alianzisha mnamo 2006 mpango wa mabibi wanaoketi kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu bure, na ukafanikiwa hadi kuigwa ng'ambo? Ni kweli, na mpango ule ni wa kujivunia Afrika nzima. Lakini mabibi wale hawakuokotwa sokoni na kuachwa peke yao. Walifunzwa, wanasimamiwa, na wanapokutana na mtu aliye hatarini wana mahali pa kumpeleka. Benchi bila mtaalamu nyuma yake ni benchi tu. Ukiviacha vituo vya wilaya zetu vife, hata siku tutakapotaka kuwafunza mabibi wetu hatutakuwa na wa kuwafunza.

Isitoshe, huo "wenye nacho" ni msemo wa kupotosha. Wateja wa vituo hivi mijini ni walimu, polisi, wauguzi, wahudumu wa maduka, wanafunzi wa vyuo ambao wazazi wao wameuza mbuzi. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kilikuwa kinyume na Katiba. Ulikuwa uamuzi wa utu. Lakini mtu ambaye zamani alijificha kwa kuogopa seli na sasa ameambiwa ajitokeze, atajitokeza wapi? Hospitali ya kaunti yenye mshauri mmoja na foleni ya miezi?

Kaunti zingeweza kusaidia bila kujenga chochote. Afya imegatuliwa tangu 2013. Kaunti inaweza kununua saa kumi kwa juma kutoka kwa kituo cha binafsi kilichosajiliwa, kwa bei ya kiasi, na kuwaelekeza huko wagonjwa kutoka hospitali yake. Kituo kingepata mapato ya uhakika ya kulipia pango. Mgonjwa asiye na fedha angepata mtaalamu. Tatizo ni kwamba serikali zetu za kaunti zina sifa yao katika suala la kulipa madeni, na mshauri anayekimbia bima inayolipa baada ya miezi minne akaangukia kaunti inayolipa baada ya miaka miwili atakuwa ameruka majivu na kukanyaga moto. Mpango kama huo ufanywe kwa malipo ya mwezi kwa mwezi, la sivyo usifanywe kabisa. Kwa maoni yangu, makanisa, misikiti na vyama vya ushirika vinaweza kuwa wateja waaminifu zaidi, madhali vingi tayari vina vyumba vinavyokaa vitupu siku za juma.

Linabaki suala ambalo hakuna anayetaka kulizungumzia: kituo ambacho hakiwezi kuokolewa. Vipo, na vitakuwepo. Hapo wajibu wa kwanza si kwa mwenye jengo wala kwa benki. Ni kwa yule mtu aliye katika kikao cha tano, ambaye wiki iliyopita kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamka jina la aliyemdhulumu utotoni. Akifika Jumanne na kukuta kufuli, atajifunza upya lile ambalo amelijua siku zote: kwamba kila anayemwamini hutoweka. Mshauri anayeona mwisho unakuja awaarifu wateja wake mapema, angalau majuma sita kabla, amtafutie kila mmoja mshauri mwingine kwa jina, na kama inawezekana aketi nao wote wawili katika kikao kimoja cha kukabidhiana. Aliyelipa vikao mbele arudishiwe fedha zake kabla hata ya deni la pango.

Na ziko zile faili. Katika kila kabati la kituo mna siri za mtaa mzima. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na haisemi kwamba zinaacha kuwa nyeti biashara inapofilisika. Kabati haliwezi kuuzwa pamoja na viti, wala kuachiwa mwenye jengo kama dhamana ya kodi. Kila kituo, hata kinachostawi leo, kinapaswa kuwa na karatasi moja iliyotiwa sahihi inayosema ni mshauri gani mwenzake atakayezichukua na kuzitunza faili hizo. Bodi ya washauri ingeweza kulifanya hili kuwa sharti la leseni kuanzia mwaka ujao, na lisingeigharimu serikali hata shilingi moja.